Programu Isiyojibu Hodi: Safari ya Pakiti Kwenye Seva ya WireGuard

Kusakinisha WireGuard, programu ya VPN, kwenye mashine pepe iliyokodiwa mtandaoni ni kazi ya amri chache. Kinachowakwamisha mafundi huja baadaye. Kila kitu kimewekwa, skrini haionyeshi kosa hata moja, na bado mhasibu aliye nyumbani haifikii kompyuta ya ofisi. Fundi anafuta, anasakinisha upya, anaishia palepale. Mara nyingi kosa halimo kwenye programu. Limo njiani, na programu hii imeundwa isiseme.

Tuchukue ofisi ndogo ya Mwanza yenye kompyuta ya Windows inayohifadhi mahesabu, na mhasibu anayetaka kuitumia akiwa Dar es Salaam. Ofisi inapata intaneti kwa laini ya simu. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya hadhara, na kila mteja hupewa anwani ya ndani tu, mara nyingi kutoka fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ofisi inaweza kutoka nje, lakini aliye nje hawezi kuianza. Hata kama ingekuwa na anwani yake ya hadhara, kuifungulia dunia nzima mlango 3389 wa RDP, njia ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, ni kujitakia balaa. Mei 2019 udhaifu ulioitwa BlueKeep uliilazimu Microsoft kutoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo iliokuwa imeacha kuuhudumia tangu 2014.

Ndipo mashine pepe inapoingia. Ina anwani ya hadhara, kwa hiyo ofisi na mhasibu wote wanaiendea na kukutana hapo. Haihitaji nguvu kubwa. Yenye kumbukumbu ya GB 1 inatosha kwa watu wachache. Muhimu zaidi ni mahali ilipo, kwa kuwa kila pakiti ya Dar kwenda Mwanza itapitia huko kwanza. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Hata hivyo, pima kwa ping kabla ya kulipa: kinachoamua kasi ni mapito ya kebo, si umbali kwenye ramani. Kisha omba anwani ya kudumu. Kwa watoa huduma kadhaa, mashine ikizimwa na kuwashwa tena huamka na anwani mpya, na wateja wake wote, yaani vifaa vinavyoiendea, hubaki wakiita pasipo mtu.

Kwa nini WireGuard? OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, bado ina faida moja kubwa: inaweza kupita kwa TCP kwenye mlango 443, hivyo inafaa pale mtandao unapozuia UDP. WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld, hupita kwa UDP tu. Lakini ilipoingizwa kwenye kerneli ya Linux toleo 5.6, Machi 2020, ilikuwa na mistari ya msimbo inayokaribia 4,000, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukisoma na kukikagua. Haina majina ya watumiaji wala nywila. Kila upande una ufunguo wa siri na ufunguo wa wazi, basi. Na pakiti isiyothibitishwa kwa ufunguo unaotambulika haipewi jibu lolote, hata la kukataliwa. Anayepekua milango ya mtandaoni hatajua kama kuna kitu hapo. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba aliyekosea ufunguo naye hupewa ukimya uleule.

Kwa hiyo ukague kwa kufuata pakiti, hatua kwa hatua. Kwanza, ziko kuta mbili za moto, si moja. Ya nje ni ya mtoa huduma na husimamiwa kwenye tovuti yake; ya ndani ni ya Linux inayoendesha mashine pepe. Kosa la kawaida kwenye ile ya nje ni kufungua mlango wa WireGuard, 51820, kwa TCP, ambayo huwa chaguo la kwanza kwenye fomu, badala ya UDP. Amri ya tcpdump huzitenganisha kuta hizi, kwani huiona pakiti kabla ukuta wa Linux haujaigusa. Ikiwa tcpdump haioni kitu huku mteja anaita, kagua tovuti ya mtoa huduma na anwani aliyoandikiwa mteja. Ikiona pakiti zinaingia bila majibu kutoka, tatizo liko ndani: ama ukuta wa Linux, ama funguo.

Pili, amri ya wg show. Ikionyesha muda wa salamu ya mwisho kati ya pande mbili, basi funguo ni sahihi na kuta zimepita mtihani. Usiguse tena huko. Kama data bado haipiti, angalia upitishaji. Linux haipitishi pakiti za watu wengine mpaka net.ipv4.ip_forward iwekwe 1, na ufw, kisimamizi cha ukuta wa moto wa Linux, ikiwashwa hukataa upitishaji huo hadi uruhusiwe wazi kutoka wg0, kiolesura cha WireGuard, kurudi wg0 hiyohiyo. Miongozo mingi huongeza hapa mistari ya MASQUERADE. Hiyo ni ya wanaotaka kutokea intaneti kupitia seva. Mhasibu wetu anakwenda ofisini tu. Hana haja nayo.

Tatu, AllowedIPs, mstari unaofanya kazi mbili: huamua pakiti ipelekwe kwa nani, na hukataa inayoingia ikiwa na anwani isiyo ya mwenyewe. Kwenye seva, kila mteja apewe anwani yake moja, kwa mfano 10.77.0.2/32. Ukiwapa wawili anwani ileile, wa mwisho huichukua na wa kwanza hupotea bila onyo. Kwenye kompyuta ya mhasibu, 10.77.0.0/24 inatosha. Akinakili 0.0.0.0/0, hata video anazotazama zitajaribu kuzunguka hadi kwenye seva.

Yabaki mawili ya laini za simu. Upande wa ofisi uwekewe PersistentKeepalive ya sekunde 25. Bila hiyo mtandao wa simu huisahau njia baada ya kimya kifupi, na ofisi haipatikani mpaka yenyewe ianze kuita. Na kama ping inapita lakini skrini ya RDP inaganda, punguza MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 iliyozoeleka hadi 1280.

Kwa Tanzania lipo pia suala la sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao kujiandikisha na kutoa taarifa zake, ikiwamo anwani ya IP. Anwani ya kudumu basi ina faida mbili.

Mtihani wa kazi hii huja mhasibu anapoacha kazi. Faili ya WireGuard haina jina la mtu, ina funguo tu, herufi 44 kila mmoja, na zote zinafanana machoni. Kumwondoa ni kufuta kipande kimoja cha faili, lakini ni kipi? Fundi aliyekabidhi seva inayofanya kazi bila daftari la nani ana ufunguo upi, kwenye kifaa gani, tangu lini, hajamaliza kazi. Programu haitalisema hilo kwa niaba yake.