Dawa za kuziba sodiamu moyoni: kipi kizibwe, kipi kiachwe

Katika msuli wa moyo, kila pigo huanza na sodiamu. Chaneli zilizo kwenye utando wa seli hufunguka kufumba na kufumbua, ioni za sodiamu humiminika ndani, umeme husambaa, kisha chaneli hujifunga. Katika moyo wenye afya, sodiamu inayoendelea kupenya baada ya hapo haifiki hata asilimia 1 ya ule mmiminiko wa kwanza.

Damu isipofika kwenye msuli wa moyo, chaneli hizo huvuja kama koki iliyochakaa. Pampu ya kuitoa sodiamu nayo huishiwa nguvu kwa kukosa oksijeni. Madhara makubwa huanzia hapo. Kuna protini ambayo kwa kawaida huingiza sodiamu 3 ili kutoa kalsiamu 1; sodiamu ikijaa ndani, protini hiyo hufanya kazi kinyume, na kalsiamu huingia badala ya kutoka. Msuli uliojaa kalsiamu haulegei. Hubaki umekaza, ukiibana mishipa midogo inayoulisha na kutumia oksijeni kidogo iliyosalia.

Basi tuzibe sodiamu? Utafiti wa CAST wa Marekani ulionyesha hatari ya jibu la haraka. Flecainide na encainide, dawa zinazozuia ule mmiminiko wa kwanza, zilipewa watu waliopona mshtuko wa moyo ili kutuliza mapigo yao yaliyokosa mpangilio. Mapigo yalitulia kweli. Lakini matokeo ya 1991 yanatisha: kati ya wagonjwa 755 waliomeza dawa walikufa 63, kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 26. Umeme uliopunguzwa kasi ndani ya msuli wenye makovu unaweza kuzunguka na kujirudia hadi moyo usimame.

Dawa nyingine, ranolazine, ikalenga uvujaji wenyewe, ikiuacha mmiminiko wa kwanza karibu ulivyo. Marekani iliiidhinisha mwaka 2006 kwa maumivu sugu ya kifua. Katika utafiti wa MERLIN-TIMI 36, wenye wagonjwa 6,560, iskemia (upungufu wa damu kwenye msuli wa moyo) ya kujirudia ilipungua na vifo havikuongezeka. Havikupungua pia, wala mshtuko wa moyo haukupungua.

Kwa hiyo ranolazine ni dawa ya kupunguza maumivu ya kifua ya muda mrefu. Maumivu makali ya ghafla yasisubiri kidonge: mkimbize mgonjwa hospitali, mshipa uzibuliwe mapema.