Jinsi muziki wa Howard Shore ulivyorudishiwa viungo vyake

Kuna hatua moja katika The Fellowship of the Ring, filamu ya kwanza kati ya tatu za The Lord of the Rings, ambayo kila nikiifikia huongeza sauti. Frodo na Sam wanakatiza shamba la mahindi. Sam anasimama ghafla, kwa sababu akipiga hatua moja zaidi atakuwa amefika mbali na kwao kuliko alivyowahi kufika tangu azaliwe. Frodo anamrudia, wanaongea kidogo, kisha safari inaendelea. Chini ya maneno yao mahadhi fulani yanachungulia: nota chache tu, taratibu, na kabla hujayakamata vizuri yameshapita. Hayo ndiyo mahadhi ya wale tisa watakaoandamana kuipeleka Pete Mordor. Kwa wakati huo kundi lenyewe halijazaliwa. Wapo wawili tu, na mtunzi Howard Shore amewapa muziki wa kuwatosha watu wawili.

Mtu aliyenunua CD ya muziki wa filamu hiyo ilipotoka Novemba 2001, mwezi mmoja kabla ya filamu kuingia kwenye majumba ya sinema, alipata dakika 71 na ushei. Zilikuwa dakika tamu. Ndani yake mlikuwa na vilele: kijiji cha Hobbit, Moria, kuvunjika kwa kundi, na sauti ya Enya. Kilichokosekana ni njia ya kupandia vilele hivyo. Ukimwonyesha mtu mti uliokomaa hujamwonyesha jinsi ulivyoota, na muziki huu umetungwa makusudi ili tuusikie ukiota. Ndiyo maana nauhesabu mkusanyiko uliokuja baadaye, The Complete Recordings, kuwa toleo la kwanza la utunzi huu. CD za awali zilikuwa dondoo.

Mkusanyiko huo ulitolewa na kampuni ya Reprise kwa awamu tatu. Muziki wa filamu ya kwanza ulitoka Desemba 2005, CD tatu. Wa The Two Towers ulitoka Novemba 2006, tatu tena. Wa The Return of the King ulitoka Novemba 2007, na huo ulihitaji CD nne. Kila seti iliambatana na DVD yenye muziki uleule katika sauti inayomzunguka msikilizaji kwa spika za mbele na nyuma. Ukijumlisha zote unapata karibu dakika 600. Msingi wake ni matoleo marefu ya filamu, yale yaliyoongezewa matukio baada ya kutoka sinema, ambayo Shore alilazimika kuyatungia na kuyarekodia muziki mwingine.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na inafaa kueleza kwa nini, maana wengi hudhani muziki kamili wa filamu unakaa kabatini ukisubiri mtu wa kuufungulia mlango.

Muziki wa filamu hurekodiwa vipande vipande. Mtunzi hupewa tukio lenye urefu unaojulikana hadi sehemu ya sekunde, anaandika, okestra inapiga mara kadhaa, na kila mpigo unahifadhiwa. Huku nyuma mwongozaji bado anakata picha. Peter Jackson alizihariri filamu hizi hadi dakika za mwisho. Tukio lililokuwa na dakika tatu linarudi na dakika mbili na nusu, na muziki uliokwisha kurekodiwa unageuka nguo iliyomzidi mvaaji. Mhariri wa muziki anaingia na mkasi wake. Anaondoa nota hapa, anarudia nyingine pale, anaunga mwanzo wa mpigo wa Jumatatu na mwisho wa mpigo wa Alhamisi. Juu ya hayo yote panawekwa kwato za farasi, upepo, mapanga na mayowe. Kinachomfikia mtazamaji kimepita mikono mingi, na mtu akitaka kuuchomoa muziki huo usimame peke yake, lazima arudi kwenye rekodi za asili na kuamua, tukio baada ya tukio, kipi ni kipi. Afuate karatasi ya mtunzi? Au afuate filamu, pamoja na makovu ya mkasi?

Mkusanyiko huu kwa sehemu kubwa umefuata filamu, lakini makovu yamesuguliwa. Naukubali uamuzi huo. Kuna wapenzi wa muziki wa filamu ambao wangetaka kila kilichorekodiwa kitolewe kilivyo, na hoja yao si ndogo. Lakini utunzi wa Shore umefungamana na simulizi kiasi kwamba mpangilio wa filamu ndio mpangilio wa mawazo yake. Vipande vilivyoachwa kando navyo havikupotea. Mwaka 2010 Doug Adams, aliyetumia miaka mingi kuuchambua muziki huu pamoja na Shore mwenyewe, alitoa kitabu chake The Music of The Lord of the Rings Films, na ndani yake mlikuwa na CD ya tungo zilizokataliwa na majaribio ya awali. Hapo ndipo mahali pake.

Hatua ya pili ya ugumu ni kumbi. Okestra kuu ni London Philharmonic, na rekodi zilifanyika Uingereza, katika ukumbi wa Watford Colosseum na studio za Abbey Road na Air Lyndhurst. Lakini muziki wa Moria ulitangulia. Mei 2001, miezi saba kabla ya filamu kutoka, sehemu yake ilionyeshwa kwa wageni huko Cannes, Ufaransa, na kiini cha onyesho hilo kilikuwa mapango ya Moria. Muziki huo ulirekodiwa katika ukumbi wa manispaa ya Wellington, New Zealand, ukipigwa na New Zealand Symphony Orchestra, huku kwaya ya wanaume, wakiwemo Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki, ikiimba kwa sauti za chini kabisa katika lugha ya Mbilikimo aliyoibuni Tolkien, mwandishi wa hadithi yenyewe. Kila ukumbi una pumzi yake. Sauti ikigonga ukuta wa mbao hairudi kama ile iliyogonga saruji. Basi msikilizaji anapovuka kutoka Rivendell ya London kwenda Moria ya Wellington anapaswa kuhisi kwamba ameingia pangoni, na asihisi kwamba amebadilishiwa studio.

Aliyekaa kwenye mitambo ya kurekodia ni John Kurlander, na kisa chake nakipenda mno. Mwaka 1969, akiwa kijana msaidizi katika studio ya Abbey Road, alikuwepo Beatles walipokuwa wakikamilisha albamu iliyopewa jina la mtaa huohuo. Paul McCartney aliamua kwamba kijiwimbo kimoja, Her Majesty, kitupwe. Kurlander alikuwa amefundishwa kazini kwamba hakitupwi kitu. Akaokota utepe uliokatwa, akauunganisha mwishoni mwa utepe mkuu, na ndivyo ulimwengu ulivyobakiwa na sekunde 23 ambazo zingeishia kwenye pipa la taka. Zaidi ya miaka 30 baadaye ndiye aliyerekodi muziki wa Shore. Nikifikiria dakika 600 zilizoweza kukusanywa tena bila pengo, naona mkono wa mtu aliyezoea kutunza.

Sasa tusogee karibu na kitu kimoja: ngoma za Isengard, ngome ya mchawi Saruman. Chukua kidole ugonge meza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tia mkazo kwenye moja. Jeshi lolote la kawaida hutembea kwa mapigo mawili au manne, kwa sababu askari ana miguu miwili, na mkazo humwangukia mguu uleule kila mara. Shore amewapa majeshi ya Saruman mapigo matano. Matokeo yake ni kwamba mkazo unaangukia kushoto, mzunguko unaofuata unaangukia kulia, kisha kushoto tena. Mwili unajua kwamba kuna kitu kimepinda kabla akili haijahesabu. Juu ya mapigo hayo pana fuawe zinazogongwa kwa nyundo, mabamba ya chuma, ngoma za taiko za Kijapani, na nyaya za piano zinazochapwa kwa minyororo. Kiwanda kimegeuzwa jeshi. Ni utunzi wa mtu aliyeisoma hadithi ya Tolkien na kuelewa kwamba kosa la Saruman lilikuwa kuigeuza dunia kuwa tanuri.

Katika CD ya 2001 ngoma hizo zinavuma, unatetemeka, zinapita. Katika mkusanyiko kamili unazisikia zikirudi na kurudi, kila mara zikiwa na chuma zaidi, hadi vita vya Helm's Deep katika filamu ya pili. Mapigo matano hayamsamehe mhariri pia. Ukipunguza pigo moja ili muziki ulingane na picha, sikio linashtuka palepale, kama mtu aliyetegemea ngazi ya mwisho asiikute. Nimezisikiliza sehemu hizo kwa vipokea sauti vya masikioni nikitafuta mahali mkasi ulipopita, na sijapaona.

Ipo sauti nyingine ambayo msikilizaji wa pwani yetu ataitambua kabla hajaambiwa. Mordor imepewa rhaita, zumari la Afrika Kaskazini lenye ulimi wa matete pacha, ndugu wa damu wa nzumari inayopigwa harusini na kwenye ngoma za Waswahili. Ni sauti inayopasua hewa. Huwezi kuifunika kwa okestra hata ukitaka. Kadhalika msitu wa Lothlórien una nai, filimbi ambayo mashabiki wa taarab ya Unguja hawahitaji kutambulishwa kwayo. Nakiri kwamba kuwapa waovu ala za kusini na mashariki ni mazoea ya zamani ya sinema ambayo hayanifurahishi. Lakini Shore, kwa kuweka nai upande wa nuru na zumari upande wa giza, amechagua kwa sauti na si kwa ramani. Watu wa Rohan nao wana fidla ya Hardanger kutoka Norway, yenye nyuzi za ziada zilizotandikwa chini ya zile zinazopigwa. Nyuzi hizo haziguswi na upinde, zinaitikia zenyewe. Ndiyo maana fidla ile peke yake inasikika kama iko na mwangwi wa watu waliokufa zamani.

Adams amehesabu zaidi ya mahadhi 90 ya aina hii, kila moja likiwa na mtu wake, mahali pake au wazo lake. Maandishi yake yaliyoambatana na kila seti yanayafuata moja baada ya jingine, na bila hayo ningekosa mengi. Kuna kwaya zinazoimba katika lugha kadhaa za Tolkien, maneno yakiwa yametungwa zaidi na Philippa Boyens, mmoja wa waandishi wa filamu, na kutafsiriwa na mwanaisimu David Salo. Katika sinema sauti hizo zinamezwa na vita. Hapa silabi zinasikika.

Kasoro ipo. Muziki wa filamu una nyakati ambazo kazi yake ni kunyamaza karibu kabisa, nyuzi zikishikilia nota moja huku wahusika wakizungumza, na bila mazungumzo hayo dakika kadhaa zinapita patupu, hasa katika The Two Towers. Pia umbo la DVD lililochaguliwa kwa sauti ya kuzunguka lilikosa soko mapema. Toleo lililorudiwa mwaka 2018 liliiweka sauti hiyo kwenye Blu-ray, likaongeza na santuri.

Lakini narudi kwenye njia ya kupandia. Katika baraza la Elrond, filamu ya kwanza, Boromir wa Gondor anasimama kuutetea mji wake. Honi moja inapiga mahadhi ya Gondor, peke yake, kwa unyonge wa mtu anayejisifia nyumba inayobomoka. Wengi hatukuijua kwa jina siku hiyo. Ilikuwa ni honi tu. Boromir anakufa kabla filamu haijaisha, na honi ile haimfuati kaburini. Unabadilisha CD, unabadilisha seti, usiku unapita. Kisha katika seti ya tatu Pippin anapanda kwa siri kuwasha moto juu ya Minas Tirith, mji wa Boromir. Kilele cha kwanza kinaitikia, kinafuata cha pili, nyuzi zinakimbia juu ya theluji, na tarumbeta na tromboni zote zinayapiga mahadhi yaleyale aliyoyaacha Boromir barazani, safari hii yakiwa mazima, mlima kwa mlima, hadi Rohan.