Kikomo cha Chipukizi

Msomaji, mchezo wa kompyuta nao ni hadithi, basi tuuhakiki. Football Manager humpima chipukizi kwa namba, 1 hadi 20: kasi, pasi, ujasiri. Skauti wako hukisia tu. Hapo mtunzi kanikamata kwelikweli!

Kasoro ni moja, kubwa. Kila kijana huingia na kikomo chake kilichofichwa, na hakivuki hata umpe kocha gani. Nani angemwandikia Samatta wa Mbagala kikomo cha Aston Villa, alikofika 2020? Mhusika wa namna hiyo kafa kabla ya sura ya pili.

Rafiki yangu, winga hasa, alingoja skauti kwenye baridi ya Njombe. Leo anapakia viazi Makambako. Juzi nikamwingiza mchezoni, kasi 17. Akacheka: “Weka na viatu, bwana.”