Honi, Vilima na Wati 30

Mtu akienda kutafuta spika za kanisa katika maduka ya barabara ya Patrice Lumumba mjini Bukavu, swali lake la kwanza huwa lilelile: ina wati ngapi? Muuzaji anasoma tarakimu kubwa iliyochapwa kwenye katoni, wanapatana bei, mzigo unapanda pikipiki kuelekea Kadutu au Bagira. Jumapili ikifika mtambo unanguruma mlangoni pa kanisa, na waumini waliobaki nyumbani upande wa pili wa bonde wanasikia mvumo usio na maneno. Wati zinaeleza umeme unaoingia kwenye spika. Hazielezi sauti inayotoka, wala inafika wapi, wala kama aliye mbali ataelewa kilichosemwa.

Chombo kinachojibu maswali hayo vizuri ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote: honi, ile ya mnara wa msikiti, paa la kanisa na gari la matangazo. Watu huiita sauti ya bati. Mimi nasema kwamba kwa mji uliojengwa juu ya miteremko, wenye umeme wa kukatikakatika, hakuna kifaa cha sauti kilichobuniwa kwa akili zaidi ya hiki. Kero yake nyingi inatokana na namna tunavyokichagua na tunavyokifunga.

Tuanze na hesabu. Honi nzuri ya nje ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 110, ikipimwa mita 1 mbele yake. Bafle ya kawaida ya sanduku, yenye koni ya karatasi, hutoa takriban 90. Tofauti ya desibeli 20 inaonekana ndogo ukiisoma, lakini ni sawa na nguvu mara 100. Ipe honi wati 30, na mita 1 mbele yake utapata karibu desibeli 125. Kila umbali unapoongezeka maradufu zinapotea desibeli 6. Kwa hiyo ukisimama mita 250 kutoka hapo, ng'ambo ya bonde dogo, bado unapata kama desibeli 77, kiwango kinachopita mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaribiana. Bafle ile ikitaka kukufikia na kiwango hicho itahitaji wati 3,000. Wati 30 zinatoka kwenye betri ya gari na kudumu ibada nzima hata umeme ukikatika. Wati 3,000 zinataka jenereta, mafuta, na mtu wa kuilinda.

Tofauti hii kubwa inatoka wapi? Hewa ni nyepesi mno kwa spika. Koni inayotikisika wazi inaisukuma hewa, nayo hewa inakwepa pembeni. Sehemu kubwa ya umeme, mara nyingi asilimia 99, inaishia kuwa joto ndani ya koili. Honi inafanya kazi ya gia. Lori lililojaa likipanda mlima kwa gia kubwa injini inazimika. Shusha gia, na injini ileile itapanda. Ndani ya kichwa cha honi kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili na kuzungukwa na sumaku. Mbele ya utando huo hewa inabanwa ipite kwenye koo jembamba, mahali ambapo haina pa kukwepa. Kutoka hapo njia inapanuka kwa utaratibu mpaka mdomoni, na lile shinikizo kubwa la eneo dogo linageuka kuwa mwendo wa hewa nyingi. Hakuna nguvu iliyoongezwa njiani. Iliyokuwepo imepewa mzigo unaolingana nayo.

Upanuzi wenyewe una kanuni. Katika honi nyingi, kila ukipiga hatua fulani ndani ya njia, eneo linaongezeka maradufu. Ukiipanua haraka unatupa sauti nzito; ukiipanua polepole honi inakuwa ndefu kupita kiasi. Hii ndiyo sababu honi za paa zimekunjwa: sauti inakwenda mbele ndani ya bomba la kati, inarudi nyuma, kisha inatoka mbele tena kupitia ule mdomo mpana. Mdomo nao una sheria yake. Mzingo wake unapaswa kukaribia urefu wa wimbi la sauti ya chini kabisa unayoitaka. Kwa mitetemo 300 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa kama mita 1.14, hivyo mdomo unataka upana wa sentimita 36. Honi ya sentimita 18, ambayo ni rahisi kubeba na nafuu kununua, inaanzia kwenye mitetemo 600, na sauti ya mzee mwenye koo zito inapita humo ikiwa imepoteza kifua chake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wati, chukua futi na upime mdomo.

Wengine huniuliza kama mwinuko wetu unaharibu mambo, maana Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Upungufu wa shinikizo ni kama asilimia 16, na hasara yake kwenye sauti haifiki desibeli 1. Lisahauni hilo.

Honi ilizaliwa katika uhaba wa nguvu. Mwaka 1915, huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham waliunganisha koili yao na tarumbeta ya gramafoni wakawasikilizisha watu uwanjani. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia umati mkubwa mjini San Diego kwa vyombo vyao. Amplifaya za wakati huo zilikuwa dhaifu, kwa hiyo kila chembe ya nguvu ililazimika kugeuka sauti. Baadaye, mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wakaonyesha spika ya koni wazi, amplifaya zikanenepa, na honi ikafukuzwa sebuleni.

Mhandisi wa Marekani, Paul Klipsch, hakukubali ifukuzwe. Alishikilia kwamba spika inayotumia umeme vizuri inaupotosha wimbo kidogo, kwa sababu utando wake hauhitaji kutembea mbali ili usikike. Tatizo lake lilikuwa besi. Kwa mitetemo 40 kwa sekunde, ile sheria ya mdomo inadai honi yenye upana wa karibu mita 2.7, kitu kisichopita mlangoni. Jibu lake, lililopata hataza mwaka 1943, lilikuwa kuikunja honi ndani ya kabati na kulisukuma kabati hilo kwenye kona ya chumba. Kuta mbili na sakafu zinapokutana zinaacha sehemu 1 tu kati ya 8 ya anga, hivyo mdomo unaweza kuwa na eneo la sehemu 1 kati ya 8, na kuta zenyewe zinaendeleza honi. Nyumba imekuwa kipande cha spika. Kampuni aliianzisha mwaka 1946 katika mji mdogo wa Hope, Arkansas, na spika hiyo ya kona, Klipschorn, inaundwa huko hadi leo. Wapenzi wa muziki hufunga safari hadi Hope kuona karakana na kusikiliza spika hizo. Ninachokipenda katika kazi ile ni kwamba Klipsch alianza na mahali: aliitazama kona, kitu ambacho kila nyumba inacho bure, akakifanya sehemu ya hesabu.

Hapa kwetu Kongo kuna mtu aliyelinganisha honi na mahali kwa njia yake. Mawangu Mingiedi, mpigaji wa likembe mwenye asili ya Bazombo, aliunda kundi la Konono N°1 mjini Kinshasa mwaka 1966. Muziki wa kwao, uliozoea tarumbeta za pembe za ndovu, ulikuwa unamezwa na kelele za jiji. Likembe ni chombo cha mkononi chenye sauti ya sebuleni. Mingiedi akatengeneza maikrofoni kwa mbao na sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari mabovu, akapitisha sauti kwenye amplifaya, na kuitoa kwa honi zilizoachwa na utawala wa Kibelgiji, zile zilizoitwa lance-voix. Dunia iliwajua vizuri mwaka 2004, albamu yao Congotronics ilipotoka Brussels chini ya Crammed Discs.

Wengi waliandika juu ya mkwaruzo wa sauti yao kana kwamba ni ajali ya umaskini. Ukiuchambua kwa sikio la fundi unaona kitu kingine. Honi ya namna ile haiwezi kutoa mzizi wa noti za chini za likembe. Inaacha mzizi na kutoa mitetemo ya juu iliyopandana juu yake, na ubongo wa msikilizaji unajaza mzizi uliokosekana. Amplifaya ikisukumwa kupita kiasi inazidisha hiyo mitetemo ya juu, yaani inaongeza sauti palepale honi ilipo na nguvu zaidi. Kwa uwanja wazi wenye watu wanaocheza, kila kipande kinafanya kazi kwa faida ya mwenzake. Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alilinganisha chombo, honi na mahali, na masikio yake yalikuwa kipimo tosha.

Lakini likembe inayokwaruza haijeruhi mtu, na mahubiri yanayokwaruza yanapotea. Humu ndimo makosa yetu yalipo. La kwanza ni kupitisha kinanda na gitaa la besi kwenye honi. Chini ya kikomo chake honi haina mzigo wa hewa wa kuushika utando. Utando unaruka ovyo mpaka unapasuka au koili inakatika. Katika karakana za Kadutu nimeona vichwa vilivyofunguliwa mezani, sumaku nzima, ganda zima, utando umechanika kwa ugonjwa huohuo. Mafundi wanabadilisha utando kwa dakika chache na mteja anarudi tena baada ya Krismasi. Dawa ni kapasita moja isiyo na chanya wala hasi, iliyofungwa mfululizo na kichwa: takriban mikrofaradi 33 kwa kichwa cha omu 16, au 66 kwa cha omu 8, ikiwa unataka kukata chini ya mitetemo 300. Kwa besi tafuta bafle yake, iweke ndani ya kanisa.

Kosa la pili ni waya. Watu wanafunga honi ya omu 8 mwisho wa waya mwembamba wa mita 100. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, ukihesabu kwenda na kurudi, una kama omu 3.4. Kupeleka wati 30 unahitaji karibu ampea 2, na wati 13 hivi zinapotea kwa kuupasha waya moto. Honi ileile ikiwa na transfoma ya volti 100, ampea zinashuka hadi 0.3 na hasara inakuwa theluthi ya wati. Amplifaya nyingi za matangazo zina tundu la volti 100 nyuma. Mara nyingi limefunikwa na vumbi, halijawahi kuguswa.

La tatu ndilo zito kwa mji huu: mwelekeo. Honi inamulika, na Bukavu ina kuta kila upande. Mteremko ulio mita 170 mbele yako unakurudishia neno baada ya sekunde moja. Honi mbili zilizotenganishwa ili "zifike pande zote" zinamfikia msikilizaji kwa nyakati tofauti. Njia zikipishana kwa mita 100, sauti ya pili inachelewa kwa karibu sekunde 0.3, na silabi inayokuja inakanyagwa na iliyopita. Sikio linaunganisha sauti zinazopishana kwa mita 17 hivi, si zaidi sana. Kwa hiyo fungeni honi zote kwenye mlingoti mmoja, kila moja ikitazama upande wake, na mdomo uinamishwe kidogo chini ya upeo wa macho. Kuinamisha kunapeleka sauti kwa watu badala ya kuirusha angani kuelekea Rwanda, na kunazuia maji ya mvua za Septemba hadi Mei kutuama kwenye mikunjo. Mahali penye hospitali mbele, geuzeni mgongo wa honi.

Pia punguzeni sauti alfajiri. Usiku hewa baridi inatulia mabondeni chini ya hewa yenye joto, na sauti inapindwa kurudi ardhini badala ya kupaa. Kiwango kilichotosha saa nane mchana kinaweza kufika mbali zaidi saa kumi na moja asubuhi, na jirani ana haki ya usingizi.

Sasa kusikiliza kabla ya kununua. Dukani kila honi inapendeza, kwa sababu muuzaji anapiga muziki na mnunuzi amesimama hatua mbili. Omba honi ipelekwe paani, hata kwa saa moja, na mwenye duka mwaminifu akiachiwa amana atakubali. Miaka ya 1920 Harvey Fletcher na wenzake wa maabara za Bell walipima simu kwa kusoma silabi zisizo na maana na kuhesabu zilizofika salama. Kiswahili kinaturahisishia kazi hiyo, kwa kuwa kina maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu. Konsonanti ndizo zinazobeba maana, nazo ni dhaifu na zinakaa juu, mitetemo 2,000 na kuendelea. Irabu zenye nguvu zitafika hata kwa honi mbovu. Andika maneno haya kwenye karatasi kwa mpangilio usiotabirika, mara nyingi kila moja: paa, taa, kaa, saa, faa, vaa, zaa. Msomaji asimame kwenye maikrofoni, asome taratibu mpaka 50. Ng'ambo ya bonde awepo mtu mwenye kalamu, asiyeijua orodha, akiandika anachosikia.

Akikosea matano au chini, lipa. Akichanganya paa na taa na kaa huku sauti ikiwa kubwa, usiongeze wati. Geuza honi nyuzi 10 kutoka kwenye ukuta unaorudisha mwangwi, badilisha mpangilio wa maneno, msomaji aanze upya.