Anayengoja Damu

Katika kazi ya mkamaji hodari kuna dakika moja ambayo mgeni hawezi kuitambua kuwa ni kazi. Kiwele kimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu, chuchu nne zimepanguswa, na maziwa ya kwanza yameminywa kidogo kwenye kikombe cheusi ili mabonge ya ugonjwa wa kiwele, kama yapo, yaonekane. Ndoo iko kati ya magoti. Ng'ombe anatafuna. Mkamaji naye ametulia. Mwenye ng'ombe mwenye haraka, akipita zizini saa kumi na moja alfajiri baridi ya Kitale ikiuma, atadhani kijana wake amesinzia. Hajasinzia. Anangoja damu izunguke.

Chuchu ikiguswa, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni papo hapo. Jibu, hata hivyo, halirudi kwa njia hiyo. Seli za haipothalamasi, chini ya ubongo, huwa zimekwisha kutengeneza homoni iitwayo oksitosini na kuiweka akiba katika tezi ya pituitari iliyoning'inia hapo chini. Habari ikifika, akiba hiyo hufunguliwa na kumwagika ndani ya damu. Damu huipitisha moyoni na mapafuni, ikairudisha moyoni, ndipo ikasukumwa mwili mzima. Homoni haina anwani. Hupita kila mahali, na husikika tu pale penye seli zilizo na vipokezi vyake. Ndani ya kiwele, vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa vimezungukwa na seli zenye uwezo wa kujikaza. Zikiipokea oksitosini, hubana vifuko hivyo, na maziwa hushuka. Safari yote huchukua takriban dakika moja, ile ile anayoingoja mkamaji.

Kwamba ujumbe huu husafiri kwa damu kulithibitishwa Marekani. Mwaka 1941, watafiti Ely na Petersen walieleza jinsi walivyokata mishipa ya fahamu ya nusu moja ya kiwele, na bado nusu zote mbili zikashusha maziwa. Kisha walimtia ng'ombe hofu kwa kumwekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi karibu naye. Maziwa yakagoma. Hofu huziamsha tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, zimwage adrenalini. Homoni hiyo huibana mishipa ya damu ya kiwele na kuzizuia zile seli zisijikaze. Wakamaji wa Kiminini na Kamukuywa, huku magharibi mwa Kenya, hawahitaji paka ili kuliamini hilo. Wanajua kwamba mbwa mgeni, kelele au fimbo moja tu inaweza kuondoka na maziwa ya asubuhi nzima, na ndiyo maana wengi humwongelesha ng'ombe kwa sauti ile ile kila siku.

Ufundi wenyewe hutofautiana ukitoka Kitale kushuka Bungoma. Trans Nzoia, iliko Kitale, ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na mpaka leo zizi la huko limejaa ng'ombe wa gredi, Friesian na Ayrshire na machotara wao. Ng'ombe hawa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili washushe maziwa kwa mkono wa mtu, ndama akiwa kwingine. Hata kabla homoni haijafika, karibu sehemu moja ya tano ya maziwa yao huwa imekwisha kuteremka kwenye hifadhi iliyo juu ya chuchu, na hiyo hutoka kwa yeyote anayeminya. Mkamaji mbovu huipata hiyo, akaridhika, akaondoka. Sehemu nne zilizobaki hutoka kwa ruhusa ya oksitosini pekee.

Katika boma la Bungoma lenye ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, hifadhi hiyo ni ndogo, na ng'ombe hamwamini mtu kiasi hicho. Hapo mkamaji wa kwanza ni ndama. Huachiliwa anyonye, akigonga kiwele kwa kichwa, hadi chuchu zijae na povu limtoke mdomoni. Ndipo huvutwa kando na kufungwa karibu na mguu wa mbele, mama yake amnuse na kumlamba huku mtu akikama upande wa pili. Kujua wakati wa kumvuta ndama kunahitaji jicho. Akivutwa mapema, maziwa hayajashuka, akicheleweshwa, ameyamaliza. Ndama akifa, taabu huanza. Wafugaji wa Sudan Kusini na kwingineko walizoea kuihifadhi ngozi yake na kumwekea mama aitambue kwa pua, kwa kuwa harufu nayo huufikia ubongo na kuifungua akiba ile ile.

Maziwa yakishuka, mchezo unageuka. Oksitosini haidumu, ini na figo huiondoa kwenye damu, na katika dakika chache nusu yake imekwisha. Aliyengoja kwa subira sasa lazima aende mbio bila kuonekana ana mbio. Kidole gumba na cha shahada hufunga chuchu juu, maziwa yasirudi kiweleni, kisha vidole vingine hufuata kimoja kimoja kuelekea chini. Hii ni ngumi inayojikunja kwa zamu. Anayevuta chuchu kwa vidole viwili huiumiza. Mikono miwili hupokezana, na mlio wa ndoo hubadilika: kwanza mkali juu ya chuma kitupu, kisha mzito kadiri povu linavyopanda. Kazi yote iishe kwa dakika tano hadi saba. Mgeni akija kusalimia katikati, mkamaji mwema huitikia bila kugeuka.

Haraka hiyo ina sababu nyingine. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi zaidi, hivyo anayeacha robo kiweleni ameacha malai. Isitoshe, maziwa yanayobaki huiambia tezi ipunguze kazi. Prolaktini na homoni nyingine huendeleza utengenezaji wa maziwa, lakini kiwele kisichomalizwa siku baada ya siku hujizima chenyewe kidogo kidogo. Mwenye ng'ombe hulaumu chakula cha dukani, ilhali kosa liko kwenye mkono.

Kinachofanyika zizini hufanyika pia wodini. Oksitosini ya ng'ombe na ya mwanamke ni kitu kimoja, mnyororo wa asidi amino tisa zilizopangwa kwa utaratibu ule ule. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabarani mwaka 1953, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Ndiyo sindano ambayo wakunga humdunga mzazi mara mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Ndiyo pia sababu ya mtoto kuwekwa titini ndani ya saa ya kwanza, maana kunyonya kwake humfanya mama ajitolee dozi nyingine. Na mama anayemsikia mwanawe akilia chumba cha pili, kisha akaona gauni limelowa, anafanana na ng'ombe anayedondosha maziwa kwa kusikia tu mlio wa ndoo. Mwili umejifunza kuitangulia shughuli.

Ipo njia ya mkato: kumdunga ng'ombe sindano hiyo kila anapokamwa. Maziwa hushuka, lakini kiwele huizoea, na siku sindano ikikosekana ng'ombe hashushi vizuri. Mkamaji anayeanza kwa saa ile ile, kwa maji yale yale na kwa mkono ule ule hupata homoni hiyo bure, tena kutoka kwa mwenye kuitengeneza.

Ndiyo maana inashangaza kuona kazi ya kukama ikipewa yeyote aliyekosa kazi nyingine shambani, na mkamaji akibadilishwa kwa tofauti ya shilingi chache za mshahara. Ng'ombe anayejua mikono ya mtu ana lita ambazo mikono mingine haitazikuta. Anayenunua Friesian wa bei kubwa Kitale afanye hesabu ya mkamaji kabla ya hesabu ya ng'ombe.