Mwigizaji wa Ridhaa na Mafunzo ya Mchezo wa Nyimbo

Katika kuhukumu mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, wahakiki aghalabu hutazama mambo mawili: maneno yaliyoandikwa, na jinsi yalivyotolewa jukwaani. Jambo la tatu husahauliwa, nalo ni namna mwigizaji alivyofundwa kabla ya kupanda jukwaa hilo. Kwa mwigizaji wa ridhaa, yaani yule apataye riziki yake penginepo na kuigiza jioni, usahaulifu huo ni dhuluma. Maana hupimwa kwa kipimo cha watu waliopewa miaka ya kujifunza, hali yeye alipewa saa chache tu.

Na uchukuliwe mfano wa Mwanjelwa, penye soko mashuhuri la mji wa Mbeya. Muuza viazi afungaye biashara yake magharibi na kwenda mazoezini hana chuo cha sanaa karibu naye. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho mwaka 2007 kilifanywa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kiko pwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kifundishacho sanaa za maonyesho kiko mwendo wa kilomita zipatazo 800. Lakini si kweli kwamba mtu huyo hakufundwa. Anazo shule mbili, kwaya na ngoma, na kila moja ina fadhila zake na upungufu wake.

Kwaya humfunza kusoma solfa, kushika sauti yake kati ya sauti nne, kumsikiliza jirani, na kufika kwa wakati. Hayo si madogo. Ila kwaya humfunza pia kwamba uzuri wa sauti ni kuyeyuka katika sauti za wengine, na kwamba uso wa mwimbaji huelekea kwa watazamaji. Mchezo wataka kinyume chake: mtu mmoja awe mtu fulani, mwenye haja yake, asemaye na mwenzake aliye mbele yake. Mama aliyefiwa haimbi kama mwimbaji wa sauti ya kwanza siku ya sikukuu. Akiimba hivyo, sauti itasifiwa na msiba utapotea.

Ngoma, kwa upande wake, haimtenganishi mwimbaji na mwili wake. Mguu, pumzi na wimbo ni kitu kimoja, na kiongozi akitoa, kundi hupokea. Lakini mchezaji wa ngoma hubaki yeye mwenyewe. Haambiwi awe mtu mwingine kwa saa nzima, wala kuficha ayajuayo mpaka onyesho la mwisho.

Upungufu huu huonekana wazi mtu akifikiria mchezo kama Nguzo Mama wa Penina Muhando, uliotolewa mwaka 1982. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami; naye Bi Msimulizi aongoza hadithi na nyimbo. Wimbo katika mchezo wa namna hiyo si pambo. Kundi lililolelewa na kwaya peke yake litasimama mstari mmoja, liimbe vizuri, na nguzo ingoje mpaka wimbo uishe. Kundi lililolelewa na ngoma peke yake litachangamka mno, hata kushindwa kwa wanawake wale kusahaulike katika shangwe.

Basi mafunzo yafaayo yaanze na kazi. Maneno ya wimbo yasemwe kwanza kama mazungumzo. Kisha yasemwe kwa pumzi ya mtu anyanyuaye mzigo au alimaye. Mwisho ndipo yapewe sauti yake. Mkulima wa Nyanda za Juu ajua tayari kwamba pumzi hutolewa jembe lishukapo. Mwalimu ana kazi ya kumkumbusha, si ya kumfundisha upya.

Wako wasemao kwamba bila kinanda na mazoezi ya sauti ya Ulaya hakuna mafunzo. Hao wasahau kwamba Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka katika muziki wa Wagogo na kusikilizwa dunia nzima. Lakini wasemao kwamba kipaji chatosha nao wakosea, kwani Zawose hakuacha kujizoeza. Tena muuza viazi aliyeita wateja tangu alfajiri hufika mazoezini amepwelewa na sauti. Mwalimu asiyelijua hilo, akamlazimisha kupaza, ataiharibu sauti ambayo ndiyo mtaji wake wa sokoni pia.

Hapo ndipo uhakiki unapopata wajibu wake. Kumwambia mwigizaji wa ridhaa kwamba hakuigiza vema ni rahisi, na pengine ni kweli. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mhakiki asemaye kosa la usiku mmoja bila kutaja malezi yaliyolizaa amehukumu tunda, na mti hakuutazama.