Majitu ya Visima vya Wajir

Ukisafiri kutoka Garissa kwenda kaskazini, msomaji, Mto Tana wauacha nyuma yako, na kwa mwendo mrefu huoni mto mwingine utiririkao mwaka mzima. Nchi ni tambarare, miiba na mchanga. Kisha wafika Wajir, nawe wakuta visima vingi vilivyotobolewa katika mwamba wa chokaa, na maji hayako mbali. Ni nani aliyevichimba? Wazee wa Kisomali husimulia kuwa ni Wamadanle, watu warefu kupita kiasi, waliojenga pia marundo ya mawe yaonekanayo nyikani, kisha wakatoweka.

Wanafunzi wangu hucheka wasikiapo habari hii, nami hapo kwanza sikuwazuia. Nilitoka chuo cha ualimu nikidhani kuwa ngano ni chumvi tu, ya kuwaamsha watoto baada ya hesabu. Nilikosea. Itazame hadithi hii ilivyo chache ya maneno: haina mfalme, haina vita, wala hakuna jitu hata moja lililopewa jina. Huo ni upungufu, sikatai. Lakini kile inachokijua, yakijua barabara: kwamba kutoboa mwamba kwa mikono ni kazi ipitayo kimo cha mtu. Aliyekwisha kuwatekea ngamia maji mchana kutwa hahitaji kuelezwa kwa nini wachimbaji wawe majitu.

Watu wa Hawaii nao husimulia kuwa Pele, mungu wa kike wa moto, hukaa katika mlima Kilauea. Yeye yungali kazini, kwa kuwa mlima wenyewe hulipuka hata leo. Wamadanle wamekwenda zao, wakaacha kazi yao tu. Kwa hiyo naiona hadithi ya kwetu kuwa na huzuni zaidi. Tena yaficha jambo zito. Ikiwa kisima kilichimbwa na watu waliotoweka, ni ukoo gani uwezao kusema, "Hiki ni changu"? Na visima hivi vimepiganiwa sana.

Mbele zaidi iko El Wak, maana yake visima vya Mungu. Waaq ndilo jina la Mungu kwa Waborana, na Wasomali pia walilijua kabla ya Uislamu. Hapo jina limewaruka majitu, likampa Mungu kazi yenyewe.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, basi babu zetu hawakuchimba chochote?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia aende akamwulize babu yake ni nani huvizibua visima vinapojaa mchanga.